Chagua Mahali pa Kupaka

Nisikilizeni vizuri ninyi mliovaa makoti meupe juzi, maana mkishazoea hamtasikia tena. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nimekuwa bibi mwenye magoti mabovu, kwanza Bunda, halafu Musoma mjini, kwenye famasi moja ya barabara ya Mukendo ambayo siitaji jina kwa sababu mwenyewe bado yupo na bado tunasalimiana. Watu waliniita dokta. Kwenye duka la dawa kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, hata anayepiga deki, kwa hiyo msivimbe vichwa.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Ningeweza kuandika ya kuchekesha tu, na machache nitayaweka, kwa sababu bila kucheka kazi hii ingenimaliza mapema. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu nistaafu. Ni bei ya dawa za ngozi, na ni mama mmoja wa kule Mugeta aliyeitwa Wakuru, ambaye bei hiyo ilimlazimisha achague ni sehemu gani ya mwili wake ipone.

Kabla ya Wakuru nianze na Mzee Majura, aliyenifundisha kazi pale Bunda. Alikuwa mfupi, mkali, na miwani yake ilifungwa uzi upande mmoja. Siku zangu za kwanza nilimwambia mgonjwa mmoja apake dawa "kidogo kidogo", kama tulivyokaririshwa chuoni. Majura akasubiri mgonjwa atoke, akanigeukia.

"Wewe Esta, kidogo ya nani? Ya tembo au ya sisimizi?"

Akachukua tyubu, akanikamulia dawa juu ya kidole cha shahada, kuanzia nchani mpaka kwenye kikunjo cha kwanza. "Hiyo inatosha kupaka eneo la viganja viwili. Sasa jiangalie mwili wako wote una viganja vingapi, halafu uniambie hii tyubu inafika wapi." Nilijiangalia mikono, miguu, tumbo, nikafikiria na mgongo ambao siuoni. Tyubu ile ingeisha kabla sijamaliza mguu wa pili.

Kipimo hicho cha kidole kichukueni, ni mali. Na mkishakichukua mtaelewa kitu ambacho wengi hawakielewi mpaka wanastaafu. Mtu akiuliza bei ya dawa ya ngozi, sisi tunamtajia bei ya tyubu, na yeye anadhani ametajiwa bei ya kupona. Tyubu imetengenezwa kwa mtu mwenye kidonda kwenye kiwiko. Mtu aliyeshikwa mwili mzima anahitaji tyubu juu ya tyubu, miezi na miezi, na kuna magonjwa ya ngozi hayaishi kabisa, yanatulia tu kama moto uliofunikwa majivu.

Na lugha muiangalie sana. Zamani lebo zetu zilisomeka "Paka sehemu iliyoathirika." Baba mmoja mkulima wa Guta alikuja na fangasi za mapajani, nikambandikia lebo yangu vizuri, akaondoka. Akarudi baada ya siku kadhaa amekonda, tyubu iko mfukoni haijafunguliwa.

"Dokta, nimeenda kupima. Nimepima hapa Bunda, nimepima na Musoma. Wote wanasemaga sina."

"Huna nini, baba?"

"Si umeandika mwenyewe hapa nimeathirika? Mke wangu alisoma, akachukua watoto akaenda kwao."

Mzee Majura alikaa juu ya boksi la maji ya dripu akacheka mpaka miwani ikadondoka. Ilibidi atoke yeye mwenyewe, aende na yule baba mpaka ukweni kueleza kwamba si UKIMWI, kilichoathirika ni mapaja tu. Tangu hapo mimi huandika "Paka panapowasha", na hakuna ndoa niliyoivunja tena.

Sasa nirudi Mukendo. Duka la dawa lina neno lake la kuagia, na ninyi mmeshalisikia. Mgonjwa anatoa cheti, unasoma, unamtajia bei, anakikunja cheti anakirudisha mfukoni, anasema, "Nakuja." Huyo ndiyo amekwenda. Mwanzoni nilikuwa namtengea mtu dawa yake pembeni nikimsubiri. Mwenye duka akanicheka, akaniambia nirudishe kwenye shelfu. Kwa dawa za malaria "nakuja" ni chache. Kwa dawa za ngozi ziliniumiza masikio.

Siku hiyo aliyetoa cheti alikuwa mwanaume mrefu na fimbo yake ya kuchungia, Mzee Magori. Nyuma yake alisimama mkewe, Wakuru, amevaa mikono mirefu na amejifunga kitenge mpaka kidevuni, na jua la Musoma mnalijua. Benchi lilikuwa na nafasi, hakukaa. Mtu akipita karibu, anasogea yeye.

"Dokta, hii kitu iko?"

"Ipo, baba." Nikamtajia bei.

Akalishika boksi la tyubu, akalipima uzito kwa kiganja. "Ni ngapi kwa hiyo bei?"

"Moja."

"Moja! Mbuzi mzima kwa kitu ya kuingia mfuko wa shati? Mbuzi nikichinja, nyama tunakula na ngozi inabaki. Hapa mbuzi anaenda na ngozi yenyewe haijapona!"

Watu wote dukani walicheka, na kutoka nyuma yake nikasikia sauti ya mkewe inacheka pia, ya chini, ya mtu aliyezoea kucheka zamani. "Magori, unamgombeza dokta, kwani yeye ndo ameiumba?" Akasogea, akafungua kile kitenge. Magamba meupe juu ya wekundu, kuanzia masikioni yakishuka shingoni, na viganja vimepasuka mistari inayotoa damu. Cheti kilisema soriasisi. Jina hilo halina maana yoyote kwa mtu wa Mugeta. Kijijini wengine walisema ukoma, wengine walisema amevunja mwiko wa ukoo, na wote, wa ukoma na wa mwiko, hawakuwa wakila tena ugali aliousonga.

Nikanyoosha mkono juu ya kaunta nikamshika. Akataka kuuvuta, nikaushikilia. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba ugonjwa huu hauambukizi, si kwa mkono, si kwa sahani, si kwa kitanda. Hilo mlifanye kila mara, ni dawa ya bure pekee tuliyo nayo.

Lakini nikaenda nyumbani na uchungu. Kama Wakuru angekuwa na ukoma kweli, angepewa dawa bure, dozi nzima, mpaka apone. Ukoma ulitisha watu wote, kwa hiyo wakubwa wa dunia wakakubaliana dawa yake isiuzwe. Ugonjwa wa Wakuru haumwambukizi mtu, kwa hiyo haukumhusu mtu isipokuwa yeye.

Siku hiyo Magori alisema, "Nakuja." Nikairudisha tyubu kwenye shelfu. Wiki iliyofuata akaja kweli, na pesa imefungwa kwenye kitambaa, na mbuzi mmoja hayupo tena zizini. Nimewaona wateja wengi, lakini "nakuja" ya wale wawili haikuwa ya uongo hata siku moja.

Mtaniuliza, kwani kwa nini iwe ghali hivyo? Hata mimi niliuliza. Kulikuwa na wakala wa bei ya jumla anatuletea dawa kutoka Mwanza, kijana mchangamfu, mpenda sato wa kuchoma. Siku moja nikambana, nikamwambia anaiba.

"Mama, siibi," akasema. "Panadol nakujia na gari imejaa. Hii yako nakujia na tyubu tano, na gari ni ileile, mafuta ni yaleyale. Nako kule ninakochukua waliiagiza nje, chache vilevile. Halafu sikia. Katika hizo tano, mbili zinakaa hapa mpaka muda unaisha, zinatupwa. Unafikiri nani analipia zilizotupwa?"

"Nani?"

"Si yule anayenunua zile tatu zilizobaki."

Nilimchukia siku hiyo, lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli. Kila mkono uliopokea ile tyubu, kutoka kiwandani mpaka Mukendo, uliongeza chake kwa sababu uliogopa kubaki nayo. Tazameni sasa kwenye maduka ya vipodozi: zile krimu kali za kujichubua zimejaa, bei ya soda. Zinatafutwa na wengi wasioumwa. Wanaoumwa kweli ni wachache, na wanatozwa kwa uchache wao. Vidonge vya ugonjwa ule navyo vipo, ila anayevimeza lazima apimwe damu na ini mara kwa mara, na daktari wa ngozi tuliyekuwa tunaelekeza watu kwake alikuwa Mwanza. Nauli ya huko na kurudi ni mbuzi mwingine.

Halafu Magori na mkewe wakajiunga na bima ya afya. Sitasahau furaha ya Mzee Magori siku hiyo. Aliiweka kadi juu ya kaunta kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Nikampa kijana mwenzangu aiangalie kwenye kompyuta. Kijana akasoma, akasoma tena, akajikuna.

"Mzee, hii ya tyubu bima yako inataka iandikwe na daktari bingwa. Na hii nyingine ya kulainisha ngozi haimo kabisa. Imewekwa kundi la vipodozi."

"Kundi la nini?"

"Vipodozi. Vitu vya urembo."

Magori alimgeukia mkewe, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, kana kwamba anamtafuta huyo mrembo. Hakupiga kelele. Ndiyo maana iliniuma. "Mwanangu," akasema polepole, "huyu amezaa saba, amelisha ng'ombe, amelima. Usiku anajikunaga mpaka shuka inashika damu. Mwambie huyo mwenye kompyuta aje alale kwetu siku moja aone urembo."

Kijana akaniangalia mimi. Nami niliangalia sakafu. Watu husema ugonjwa wa ngozi hauui, na kwa sababu hiyo ngozi hukaa mwisho kila orodha ya dawa inapopangwa. Mkipata nafasi ya kuulizwa na wakubwa wenu, msikae kimya kama nilivyozoea kukaa. Waambieni kuna watu hawalali.

Kuna siku Wakuru alikuja, hata hajafika kaunta nikasikia harufu ya samli. Samli safi, ya nyumbani, ya kibuyu. Nikamwuliza, "Mama Veronika, leo umetoka kupika?" Akainama.

"Ile dawa naichanganyaga na samli kidogo, dokta. Ili iongezeke."

Nilicheka, naye akacheka. Kwa wafugaji wa kule samli ni chakula, ni dawa, ni baraka, mtoto hupakwa samli siku anayozaliwa. Kwa nini isiongeze nguvu ya dawa? Na si hivyo tu. Nusu ya tyubu alikuwa amemkamulia jirani mwenye upele wake. "Moto na dawa havinyimwi," akaniambia, akinishangaa mimi nisiyejua. Nikamweleza kwamba dawa ikichanganywa inapungua nguvu, haiongezeki, na kwamba upele wa jirani ni wa aina nyingine, unataka dawa nyingine, ya bei ndogo. Alisikiliza kama mtu anayeambiwa kwamba ukarimu ni kosa. Sikupenda kuwa mimi wa kumwambia hivyo.

Veronika alikuwa binti yake wa mwisho, ameolewa Butiama. Alipojifungua mtoto wa kwanza Wakuru alikwenda, kwa sababu kwao bibi mzaa mama ndiye anayemwogesha mtoto na kumpaka samli mpaka kitovu kidondoke. Alifunga kibuyu kipya. Aliporudi alipitia kwangu Mukendo, akakaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza, kile kibuyu kiko mapajani na hakijafunguliwa.

"Walinipokea vizuri, dada," akasema. Siku hiyo aliniita dada. "Chai walinipa. Kiti walinipa. Nikasema nileteeni mjukuu nimwogeshe, mama mkwe wake akasema, 'Bibi apumzike kwanza, ametoka mbali.' Nikapumzika. Kesho yake wakasema bibi apumzike. Siku zote nimepumzika. Mtoto nimeonyeshwa mlangoni, amebebwa na mtu mwingine."

Nikamwuliza kama aliwaeleza kwamba hauambukizi. Akanionyesha viganja vyake vilivyopasuka. "Ningeelezaje na hii mikono?"

Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo kazi hii itawalazimisha nanyi kuuliza. Hakuna kitabu kitakachowafundisha. Tulikuwa tukiwauliza wagonjwa wa ngozi wenye tyubu moja na mwili mzima wa kupaka: "Tuanzie wapi?" Maana yake, chagua mahali pa kupaka, pengine patasubiri. Mwalimu mmoja wa sekondari alichagua uso, kwa ajili ya wanafunzi. Msichana wa kwaya aliyekuwa anaolewa alichagua shingo na mabega, kwa ajili ya gauni. Fundi cherehani mmoja alichagua miguu, nikamwuliza kwa nini, akasema anapenda mpira na hawamruhusu kucheza na bukta. Tulicheka. Lakini ni swali baya, wanangu. Hakuna mtu anayepaswa kuulizwa hivyo kuhusu mwili wake mwenyewe.

Nilidhani Wakuru atasema uso. Alifungua mikono yote miwili juu ya kaunta.

"Hii. Kwingine tuache."

Basi tukaanza. Nilimfundisha kila nilichokijua. Apake akitoka kuoga, ngozi ingali na unyevu. Apime kwa kidole, asikisie. Akishapaka avae soksi safi za pamba mikononi, alale nazo. Kwingine mwilini apake mafuta ya mgando yale ya kawaida, hayatibu lakini yanatuliza. Na tyubu ikionekana imeisha asiitupe, aipasue kwa wembe ubavuni, humo ndani mna dawa ya siku kadhaa. Hilo la wembe alilipenda sana. Alisema ni kama kukomba sufuria.

Mikono ikaanza kuitikia. Kwanza mipasuko ikafunga, halafu magamba yakaanguka, halafu ngozi ikarudi, laini, ya mama ambaye hajawahi kushika jembe. Kila alipokuja alinipa mikono niiangalie kabla hata ya salamu. Nikamwuliza kama Veronika anajua dawa inavyonunuliwa.

"Hajui, na usije ukamwambia. Nimewaambia wote mikono imeponywa na rozari. Nikisema ni dawa, ataomba hela kwa mume wake aninunulie ya mwili mzima. Mimi nikatibiwe na ukweni?" Akatikisa kichwa. "Na rozari kweli nasaliga, dada. Sijadanganya sana."

Akaenda tena Butiama. Sikuwepo, lakini alinisimulia mara nyingi mpaka nikawa kama nilikuwepo. Aliosha mikono mbele yao wote, polepole, akaikausha, akaiweka wazi. Mama mkwe wa Veronika akaiangalia. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa, muda wa kumwogesha wa mwanzo ulishapita. Lakini wakampa. "Alinishika hapa," akasema, akanionyesha kidole gumba. "Hakuniogopa, dada. Alinishika kama ananijua." Alicheka pale dukani kile kicheko chake cha chini, na watu waliokuwa wakisubiri dawa wakacheka naye bila kujua kwa nini. Miaka yangu yote ya kazi, siku kama hiyo sina nyingi.

Mvua za masika zilipokuja na baridi yake, Mzee Magori alifika peke yake. Aliomba ile tyubu ya mikono. Nikamwuliza hali ya mgonjwa.

"Anatetemeka. Mwili wote umekuwa mwekundu, na moto, lakini yeye anasemaga anasikia baridi. Anaomba blanketi na mchana."

Nilijua maana yake. Ngozi ikiwaka mwili mzima hivyo, mtu anapoteza maji na joto kama nyumba iliyoezuliwa paa, na vijidudu vinaingia popote. Nikamwambia Magori aiache hiyo tyubu, ampeleke hospitali leo, asingoje kesho. Nilimwambia kwa ukali, nikamshika na mkono.

"Nimemwambia," akasema. "Amesema nilete hii ya mikono kwanza. Jumapili Veronika anakuja na mtoto."

Akalipa. Nikampigia bodaboda wa pale nje amwahishe stendi. Hospitali walifika, baada ya Jumapili hiyo. Walipofika, vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Wakuru hakurudi Mugeta akiwa hai.

Niliposikia nilifunga dirisha la dawa, nikaenda stoo, nikalia juu ya maboksi. Nilimlilia, na nilikuwa na hasira, na sasa hivi ninapoandika bado ninayo. Wale wanaosema ngozi haiui waje niwaonyeshe kaburi.

Ilipita miezi. Nilikuwa nahesabu wiki za kustaafu, akaingia mwanamke kijana na mtoto mgongoni. Nilimjua kabla hajasema, kwa paji la uso la mama yake.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni Veronika."

Akashangaa kidogo. Akafungua pindo la kanga, akatoa tyubu. Ilikuwa imepasuliwa ubavuni kwa wembe, imekombwa safi, imekunjwa vizuri.

"Nimeikuta kwenye soksi, chini ya mto wa mama. Baba hataki kusema, anasema niulize Mukendo. Ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya mikono. Hakuelewa, nikarudia. Nikamweleza tyubu moja ni bei gani, na mwili ni mkubwa kiasi gani, na kwamba mama yake aliulizwa achague, akachagua mikono, kwa ajili ya huyo aliyeko mgongoni. Alisikiliza amesimama. Mtoto alinyoosha kichwa begani kwa mama yake akawa ananiangalia.

"Wamama waliomwosha walituambia," akasema. "Walisema mwili wote umeungua kama magome, lakini mikono ni kama ya bibi harusi. Wakaogopa. Tukasema ni rozari. Mpaka leo kule nyumbani wanasimuliaga, kwamba Bikira Maria alimshika mikono." Akaigeuza ile tyubu, akasoma maandishi yake madogo kwa muda mrefu. "Kwa hiyo hii dawa ilikuwa inafanya kazi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo na mwili ungepona."

Katika kazi hii mtafundishwa namna nyingi za kutokujibu. Mtasema inategemea, mtasema kila mgonjwa na mwili wake, mtasema Mungu ndiye anayejua. Nilizijua zote. Lakini alikuwa mtu mzima, na mama yake alikuwa rafiki yangu.

"Ungepona," nikasema.

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akakaza kanga. Ile tyubu tupu akairudisha kwenye pindo, akaifunga fundo.

"Nakuja, dokta," akasema, akatoka.